Aliyechora Miendo ya Watu

Miaka ile, ukitembea mtaa wetu wa Kasenga ukahisi kuna mtu nyuma yako anayepunguza hatua ukipunguza na kukaza ukikaza, ungegeuka ukamkuta yeye. Hakuwa mwizi wala mwendawazimu, ingawa aliitwa yote mawili. Alikuwa anajifunza unavyotembea. Akishaupata mwendo wako alisimama palepale katikati ya njia, akatoa kipande cha karatasi mfukoni, akachora vimistari ambavyo mtu mwingine angedhani ni mikwaruzo ya kuku. Halafu akaendelea na safari yake bila hata kukusalimu.

Mama mmoja muuza samaki alimgeukia siku moja sokoni akamzaba kofi. Mama huyo alikuwa na beseni kichwani, na halikumwagika. Kesho yake mwanamume huyo alituchorea lile kofi kazini: mwili mzima unazunguka, mkono unafika usoni, beseni limetulia kama limewekwa mezani. Shavu lake mwenyewe lilikuwa bado limevimba.

"Munaona?" alituambia kwa Kiswahili chetu cha ziwani, ambamo mimi ni minye. "Shingo haikutikisika hata kidogo. Kofi nilikula, lakini ile shingo minye nimeipata."

Tuliofanya kazi naye tulimwita Mchoraji tu. Wapadri walikuwa na nyumba ndefu ya matofali juu kidogo ya barabara ya ziwani, nasi tuliiita atelye. Humo zilitengenezwa sinema za kuchora. Yeye alichora mnyama kwa penseli, karatasi baada ya karatasi, kila moja ikitofautiana na iliyotangulia kwa upana wa unywele. Mimi na wasichana wenzangu kutoka shule ya ushonaji ya masista tuliinakili michoro yake kwa wino juu ya karatasi za kuonea, angavu kama kioo na ngumu kama kucha, tukapaka rangi upande wa nyuma. Kisha Furere, mtawa wa Kibelgiji aliyekuwa na pua iliyobabuka kwa jua, alizipiga picha moja moja kwa kamera iliyofungwa juu ya meza. Zikipitishwa mbio mbele ya taa, mnyama alianza kwenda. Ili bata avuke kijito tulipaka rangi wiki nzima, na mtazamaji aliyeinama kufunga kiatu hakumwona akivuka.

Kitu kisichokwenda hakukiweza kabisa. Watu hawakuamini hilo mpaka Padri mkuu alipomwomba achore mtakatifu kwenye ukuta wa kanisa. Alihangaika naye kwa muda mrefu. Mtakatifu akatoka kama mtu anayesubiri kupimwa kanzu, mikono imening'inia, macho hayaangalii popote. Wakristo walipita wakikohoa. Furere akamuuliza imekuwaje.

"Haendi popote," Mchoraji alijibu. "Sasa minye nifanye nini na muntu haendi popote?"

Mwishowe ukuta ulipakwa chokaa, naye akawa wa kwanza kushika brashi ya kuufuta.

Alizaliwa mbele ya ziwa na aliliogopa. Alivaa viatu vilivyong'arishwa lakini bila soksi. Kwetu alikuwa mpole, hakuinua sauti, ila ukimharibia mstari mmoja aliirudisha karatasi mezani kwako bila neno, hata mara ngapi, hadi ukatamani akutukane. Nyumbani kwake, kwa maneno ya dada yake mkubwa aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, mtaa wa Kalundu, alikuwa mtu wa kukaa tu. "Unamuongelesha, anakuitika, kisha unaona hakukusikia," dada huyo alizoea kusema. "Iko natazama namna unashika mwiko."

Na sinema zenyewe hakuzitazama. Zilionyeshwa uwanjani, jua likishazama, juu ya shuka nyeupe iliyofungwa kwenye miti miwili. Kalenga, dereva wa gari la misheni, aliwasha mashine, akashika kipaza sauti na kueleza kila kitu kwa Kiswahili. Tukiwa bondeni kwa Warundi wa mto Ruzizi, alieleza kwa Kirundi. Watu walikaa pande zote mbili za shuka. Waliochelewa walikaa nyuma, wakaona kila kitu kimegeuzwa, wa kulia yuko kushoto. Mchoraji alisimama kando ya gari akiwa ameipa shuka mgongo. Alitazama nyuso za watu. Wakicheka mahali alipotaka wacheke, aligusa kofia yake. Wakicheka mahali pengine, kesho yake alichora upya.

Nimeanza na haya kwa sababu ndiyo rahisi kuyasema.

Mchoraji na mkewe walikuwa na mtoto mmoja, binti aitwaye Feza. Walimpata wakiwa watu wazima, baada ya miaka ambayo majirani walishaacha kuuliza. Mkewe akaitwa Mama Feza, na jina hilo lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye maneno machache, aliyelima mihogo upande wa juu wa mji.

Feza alikuja atelye mchana na mama yake kuleta chakula. Mguu wake wa kushoto uligeukia ndani kidogo, kwa hiyo kila baada ya hatua chache alirukaruka ili kuuweka sawa. Alipenda kutangulia. Alitangulia mbali, halafu akasimama, akageuka na mwili mzima kama mlango unavyogeuka, akainua kidevu kuona kama mama bado anakuja. Akishamwona, aliendelea. Hakungoja kufikiwa. Sisi tulimwita dirishani, tukampa vipande vya karatasi za kuonea vilivyokatika, naye alivishika mbele ya jicho na kutazama ziwa.

Alikufa kwa homa, wakati wa mvua. Ilianza asubuhi kama homa ya kila mtoto. Mama yake alimbeba hadi hospitali, wakamrudisha nyumbani wakiwa wamemfunika.

Tulikwenda mazishini, atelye yote. Nakumbuka udongo mwekundu umeshika kwenye kanzu ya Furere. Nakumbuka kwamba sikulia, na kwamba nilijitazama kwa mshangao nisivyolia. Mchoraji alisimama kando ya kaburi ameinamisha kichwa, na watu walidhani anasali. Dada yake aliniambia baadaye, "Hakuwa nasali. Alikuwa natazama miguu ya bale walimubeba. Minye ni dada yake, namujua. Alitazama miguu yao mpaka wakamaliza."

Siku iliyofuata alikuja kazini. Viatu vilikuwa vimeng'arishwa. Furere alimwambia arudi nyumbani, apumzike.

"Nipumzike nini?" alisema. "Leta karatasi."

Kazi iliyokuwa mezani wakati huo ilikuwa ya kondoo aliyepotea, ile habari ya Injili. Kabla ya msiba walikuwa wamebishana sana juu yake, yeye na Padri. Mchoraji alitaka awe mbuzi.

"Kondoo anafuata benzake, Padri. Mwenye kupotea ni mbuzi. Uliza bachungaji."

"Mbuzi katika Maandiko wamewekwa upande wa kushoto," Padri alijibu. "Siwezi kumpa Mchungaji mwema mbuzi mabegani."

"Basi tutamuweka ku mukono wa kuume."

Padri alicheka, lakini hakukubali. Baada ya mazishi Mchoraji hakumtaja mbuzi tena. Alichora kondoo kama alivyoambiwa, mwanakondoo mdogo anayetangulia kundi, kisha njia inampoteza. Alichora haraka kuliko siku zote. Karatasi zilitufikia nyingi, nasi tukazipaka rangi. Mtu aniulize kama nilitambua kitu, nitamjibu hapana, na ni kweli. Mchoro mmoja mmoja hauendi. Niliona mguu umegeuka kidogo, nikaupaka rangi. Niliona kidevu kimeinuliwa, nikakipaka rangi. Filamu ilipokwisha kupigwa, karatasi za kuonea tuliziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kama tulivyoziosha za filamu zote, kwa kuwa zilitoka Ulaya na zilipaswa kutumika tena. Zile za penseli zilipelekwa shuleni, watoto waandikie upande wa nyuma.

Ilionyeshwa Kasenga kwanza. Mchoraji hakuja. Alisema anaumwa kichwa. Mkewe alikuja peke yake, amechelewa kutoka shambani, akakaa nyuma ya shuka pamoja na waliochelewa. Mimi nilikuwa upande huohuo kwa sababu mbele palijaa.

Mwanakondoo alitoka kundini. Alikwenda hatua chache, akaruka kuuweka mguu sawa. Kwetu sisi tuliokaa nyuma, mguu uliogeuka ulikuwa wa kulia, lakini haikusaidia. Alitangulia mbali, akasimama, akageuka na mwili mzima, akainua kidevu.

Kalenga alikuwa anaeleza kwenye kipaza sauti kwamba huyu ni mtu aliyeacha Kanisa.

Sikumtazama Mama Feza. Niliogopa. Nilisikia tu pumzi yake, imesimama, kisha imerudi. Karibu nasi mtoto mmoja alisema kwa sauti, "Mama, ule kondoo iko natembea kama Feza," na mama yake akamziba mdomo kwa kiganja. Sinema iliisha. Watu walipiga makofi. Mama Feza alisimama, akakung'uta kitenge chake, akaniuliza kwa sauti ileile ya kuuliza bei ya chumvi:

"Kesho wanaonyesha wapi?"

"Kalundu," nilimwambia.

"Haya."

Nilichotarajia ni ugomvi. Nilidhani angemwendea mumewe amuulize nani alimpa ruhusa. Dada mtu naye alitarajia hivyo, akaenda kulala kwa ndugu yake makusudi. Hakukuwa na ugomvi. Mama Feza alipakua ugali, mume akala. Kisha akamwambia, "Nimeona sinema yako." Naye akajibu, "Ndiyo." Basi.

Kesho yake Mama Feza alikuwa Kalundu. Filamu ilipopelekwa bondeni alitembea barabara ya vumbi hadi jioni na kufika watu wakishakaa. Kalenga alimwona mara ya kwanza, mara ya pili, akaelewa. Mara iliyofuata alisimamisha gari kando yake.

"Mama Feza, panda mbele."

"Ntakuchafulia kiti."

"Panda, Mama. Kiti ni cha misheni."

Kuanzia hapo alisafiri na sinema kila alipoweza kuliacha shamba. Kalenga alinieleza haya mwenyewe, mara nyingi, kama mtu anayejaribu kuyatua mahali. Alisema hakuwahi kumwona akifuta machozi. Alikaa, akatazama kipande chake, na filamu ikiendelea na mchungaji na sherehe, aliinuka kwenda kukaa ndani ya gari. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe aliacha kueleza mahali pale. Mwanakondoo akianza kutembea, aliteremsha kipaza sauti, na uwanja wote ukanyamaza bila kujua kwa nini. Padri alimuuliza mafundisho yamekwenda wapi. Kalenga akasema koo linamkauka.

Hata Rurambo walikwenda, kule juu kwa wafugaji, ambako gari halifiki. Mashine ya umeme ilipandishwa mlimani kwa miti mabegani mwa watu. Mama Feza alibeba kichwani lile kopo la bati la filamu, hakumpa mtu mwingine. Wafugaji wa ng'ombe walimcheka sana mwanakondoo. Walisema mwenye kumfuga hajui kazi, mguu ule ungenyooshwa akiwa bado mchanga. Mama Feza alisikia akatabasamu, na Kalenga anasema ni mara pekee.

Mume wakati huo alikuwa kwetu, akichora. Alichora mbu, nzi, mtu anayechemsha maji, yale yaliyohitajika. Watu walicheka mahali alipotaka wacheke, lakini hakuwa anakwenda tena kuwaona. Hata kufuata watu njiani aliacha. Siku moja nilimuuliza kama anajua Mama Feza yuko wapi.

"Yuko na mutoto," alisema, akaendelea kuchonga penseli.

Filamu ni kitu kinachochakaa. Kila ikipita kwenye mashine inakwaruzika, na ikikatika inaunganishwa kwa gundi yenye harufu kali, na kila ikiunganishwa picha kadhaa zinapotea pale ilipokatika. Mashine ya Kalenga ilikuwa kuukuu, nayo ilikuwa na tabia ya kung'ata. Kwa nini iling'ata pale, sijui. Huenda ni kwa sababu kipande kile alikirudisha nyuma na kukionyesha tena wakati Mama Feza alipokuwa peke yake, uwanja umeshatawanyika. Aliniambia hivyo, naye hakuonekana kujutia. Taratibu mwanakondoo akaanza kukatakata mwendo. Kwanza kuruka kukatoweka. Halafu akawa anasimama na ghafla amekwisha kugeuka, bila kugeuka kwenyewe. Watazamaji hawakuona tofauti.

Mama Feza alikuja atelye mchana mmoja, bila chakula. Sote tulikuwepo. Alisimama mlangoni, akamwambia mumewe mbele yetu:

"Sasa anageuka mbio. Mbele hakukuwa nageuka vile."

Mchoraji aliweka penseli chini.

"Chora ingine," mkewe alisema.

Furere alijifanya anapangusa kioo cha kamera.

"Sijue tena," Mchoraji alisema.

"Hujue nini?"

"Namna alikuwa natembea. Ile wakati nilikuwa nayo ku mukono. Nikaiweka mu karatasi, na mukono ukabakia bure. Sasa nikimutafuta, minye naona kondoo tu."

"Weye ni baba yake."

"Ndiyo."

"Na zile karatasi?"

Mchoraji alitutazama sisi wasichana, si kwa lawama. Mmoja wetu alisema tuliziosha. Mama Feza aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba duka limefungwa. Akauliza kuhusu za penseli, tukamwambia za shule. Hakuuliza zaidi. Alitoka, akashuka njia, nasi tukarudi kwenye rangi. Nakumbuka nilikuwa napaka kijani na kwamba nilikipaka vizuri.

Karibu na mwisho wa miaka ile atelye ilifungwa. Furere aliitwa kwao. Kamera ilipakiwa kwenye sanduku, na filamu zikaondoka naye, pamoja na ile ya kondoo ikiwa imebaki ilivyobaki. Mimi niliolewa, nikahamia upande wa pili wa mji, na kalamu nikaishika kwa kuandika tu. Nilisikia Mchoraji anaandika majina kwenye milango ya maduka. Nilisikia pia kwamba wameachana, yeye na mkewe. Halafu nikasikia hawajaachana. Sikwenda kuuliza. Kwa kweli zile habari zilinipita kama za watu wa mji mwingine.

Nilikwenda kwao kwa shughuli yangu. Mume wangu alikuwa anafungua duka la vitambaa, nikaona ni vizuri jina aliandike mtu ninayemjua. Ilikuwa alasiri. Jua lilikuwa limekwisha kuingia nyuma ya milima, kama linavyowahi kwetu, mji wote uko kivulini na ng'ambo ya ziwa bado kunang'aa. Nilibisha hodi kwenye ua wa mianzi, sikuitikiwa, nikaingia.

Mchoraji alikuwa amekaa kwenye kigoda ukutani, ubao magotini, karatasi juu yake. Alikuwa amezeeka mikono. Mama Feza alikuwa upande wa pili wa ua, peku, amefunga kitenge juu kidogo ili miguu ionekane. Hawakuniona.

Alianza kutembea. Mwanamke mzito, mwenye magoti yaliyochoka kwa shamba, aligeuza mguu wake wa kushoto ndani akatembea nao. Hatua chache, akaruka. Alitua vibaya, akashika ukuta.

"Kidogo," mumewe alisema. "Hakukuwa naruka juu vile."

"Weye ulisema umesahau. Sasa unanifundisha?"

"Nimesahau. Lakini haiko vile."

"Basi niambie iko namna gani."

"Tembea tena, ntakuambia."

Alirudi alipoanzia. Akatembea tena, akaruka kidogo. Akasimama, akageuka na mwili mzima, akainua kidevu. Aligeukia mlango wa ua, na hapo ndipo aliponiona. Hakushtuka, wala hakushusha kidevu.

"Karibu, dada," Mchoraji alisema bila kuinua macho, kwa maana mkono wake ulikuwa bado unakwenda. "Kaa pale. Usisimame mu njia."

Nilikaa kwenye kizingiti. Nilisahau duka. Alitembea, akarudi, akatembea. Kila safari mumewe alichora karatasi moja, akaiweka juu ya nyingine, akazibana kwa vidole na kuzipitisha haraka mbele ya macho yake, na kila safari akatikisa kichwa. Sikujua wamekuwa wakifanya hivyo tangu lini. Udongo wa ua ulikuwa umekanyagwa mahali pale pale hadi umekuwa laini kama sakafu.

Mwishowe Mama Feza alikuja akichechemea, akainama juu ya bega lake, akachukua karatasi ya juu kabisa. Nami nilisogea nikaiona. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzima, mzuri kwa namna alivyochorwa, amegeuka kumtafuta mtu aliye nyuma yake. Mchoraji alikuwa amesema kweli siku ile atelye, mtoto hakuwemo.

"Huyu ni minye," Mama Feza alisema.

"Ndiyo," alisema mumewe. "Haiko yeye."

Mama Feza alimrudishia karatasi. Akafunga kitenge upya, akavuka ua hadi upande ule mwingine, akasimama ameugeuza mguu wa kushoto ndani, akamngoja amalize kuchonga penseli.